Liberali wa wapi? Kulinganisha maana za neno moja kabla ya kulitafsiri

Tarehe 28 Aprili 2025 Chama cha Liberali kilishinda uchaguzi Canada. Siku tano baadaye, tarehe 3 Mei, Chama cha Liberali kikashindwa vibaya Australia. Msikilizaji wa redio aliyeko Gulu au Busia, akizipata taarifa hizo mbili bila maelezo, ataona kwamba uliberali umepanda na kuporomoka ndani ya wiki moja. Kumbe wapiga kura wa nchi zote mbili waliukataa mrengo wa kulia, yaani upande wa wahafidhina. Canada mrengo huo unaitwa Conservative, Australia unaitwa Liberal. Pierre Poilievre wa Canada na Peter Dutton wa Australia, viongozi wa upande uleule wa siasa, kila mmoja alipoteza hata kiti chake mwenyewe cha ubunge.

Kwa anayefasiri habari, anayetangaza redio au anayejiandaa kwa mdahalo hapa Uganda, kosa hili si dogo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na habari za nje zinazopita katika Kiswahili zinaongezeka. Tatizo ni kwamba lugha yetu haina neno moja lililotulia kwa jambo hili. *Huria* limeshikwa na biashara. Mtu akilisikia, anafikiria soko huria. *Liberali* ni neno la kukopa, nalo huja na maana ya kule lilikotoka. Watanzania walikuwa na *ruksa*, neno zuri la enzi za Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa mwenyewe, lakini nalo ni la kufungua milango ya biashara. Mimbarini, mtu akiitwa liberali, maana yake amelegeza maadili. Basi kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, tambua kwanza liberali huyo ni wa nchi gani.

Maswali matatu yanayotenganisha

La kwanza: neno lilipoanza kutumika huko, lilikuwa linapambana na nani? Mfalme, kanisa, wenye mashamba makubwa, wakomunisti, au serikali ya ubaguzi wa rangi? La pili: wanaojiita hivyo wanataka serikali ikusanye na kutumia fedha zaidi, au kidogo? La tatu: wanasema nini kuhusu mtu mmoja mmoja mbele ya dola, yaani mahakamani, magazetini, katika ibada na katika mkutano wa hadhara?

Majibu ya swali la pili hugongana kabisa kutoka nchi hadi nchi. Majibu ya swali la tatu yanakaribiana sana: karibu kila mahali liberali wa kweli anashikilia kwamba mtu ana haki ambazo serikali haikumpa, kwa hiyo haiwezi kumnyang'anya itakavyo. Makosa mengi ya tafsiri huzaliwa pale mtu anapojibu swali la pili kwa jibu la nchi nyingine.

Uingereza: chama kimoja, misimamo miwili, na Uganda katikati

Jina lenyewe la kisiasa lilitokea Hispania. Wabunge waliokutana Cádiz na kuandika katiba ya 1812, iliyomwekea mfalme mipaka, ndio walioitwa *liberales*. Ila ni Uingereza iliyolifanya jina la chama kikubwa, mwaka 1859. Adui wa mwanzo wa chama hicho na wa waliokitangulia alikuwa mwenye ardhi kubwa, aliyelindwa na ushuru juu ya nafaka ya nje. Ushuru huo uliuma mfuko wa mfanyakazi mjini, na sheria zake zilifutwa 1846. Chini ya waziri mkuu Gladstone, liberali alikuwa mtu wa biashara bila vizuizi, bajeti ndogo na serikali isiyojiingiza.

Kizazi kimoja baadaye chama hichohicho kiligeuka. Mwaka 1908 kilileta pensheni ya wazee, hadi shilingi tano kwa wiki kwa aliyetimiza miaka 70. Mwaka 1911 kikaleta bima ya ugonjwa na ya kukosa kazi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuutumia uhuru aliopewa kwenye karatasi. Hapo ndipo mto ulipogawanyika. Marekani ilifuata mkondo wa pili, wa kumsaidia mtu. Ujerumani na Australia zikabaki karibu na ule wa kwanza, wa kumwachia nafasi. Anayejua mgawanyiko huu wa miaka ya 1908 hadi 1911 ameshika nusu ya somo.

Kwa Mganda kuna jambo jingine, na halistahili kupitwa haraka. Uganda ilitangazwa rasmi kuwa nchi lindwa ya Uingereza mwezi Juni 1894, na serikali iliyokuwa madarakani London ilikuwa ya Liberali. Baraza lao liligawanyika: Gladstone na waziri wa fedha Harcourt hawakutaka kubeba mzigo huo, waziri wa mambo ya nje Rosebery aliutaka. Gladstone alipojiuzulu mwezi Machi mwaka huo, Rosebery akawa waziri mkuu, na jambo likaisha. Winston Churchill aliyezuru Uganda mwaka 1907 alikuja pia akiwa naibu waziri wa makoloni wa serikali ya Liberali. Alikihama chama cha Conservative mwaka 1904 kwa kutetea biashara huria.

Waliwezaje kuhubiri uhuru kwao na kutawala kwetu? Jibu limo ndani ya fikra yao wenyewe. John Stuart Mill, aliyeandika utetezi mkubwa wa uhuru wa mtu binafsi mwaka 1859, alisema waziwazi kwamba kanuni hiyo haikuzihusu jamii alizoziona hazijakomaa. Pengo hilo ndilo linalofanya wasomi wengi wa Afrika walishuku neno hili mpaka leo, na mfasiri anapaswa kulijua. "Liberali wa Uingereza wa 1894" si sawa na "mtetezi wa uhuru wa watu wote".

Marekani dhidi ya Ulaya bara: hapa ndipo wengi hupotea

Marekani haikuwa na mfalme wa kumpiga wala chama kikubwa cha jina hilo. Rais Franklin Roosevelt ndiye aliyelichukua neno katika miaka ya 1930 na kuliweka juu ya mpango wake wa kuokoa uchumi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 na bima za afya za wazee na maskini za 1965 ndizo alama zake. Waliobaki na maana ya zamani ya serikali ndogo walinyang'anywa jina. Wachache wakajiita libertariani na kuunda chama chao mwaka 1971. Wengi wakaitwa wahafidhina. Ndiyo maana mhafidhina wa Marekani hutetea soko kwa maneno ambayo Gladstone angeyatambua kuwa yake.

Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kumwita liberali wa Marekani "mtetezi wa soko huria". Huko ni kupindua maana yake yote. La pili ni kumwita mjamaa. Mjamaa wa Azimio la Arusha la 1967 alitaka njia kuu za uchumi zimilikiwe na umma. Liberali wa Marekani hataki hivyo. Anataka viwanda vibaki vya watu binafsi, kodi ipande kwa wenye nacho, na serikali ikinge maskini, wagonjwa na wanaobaguliwa.

Vuka bahari uingie Ufaransa, na neno linageuka. Huko *libéral* ni mtu wa soko, na kwa mrengo wa kushoto ni karibu na tusi. Katika kura ya maoni ya Mei 2005 kuhusu katiba ya Umoja wa Ulaya, karibu asilimia 55 walisema hapana, na moja ya lawama kubwa za kushoto ilikuwa kwamba waraka ule ulikuwa wa kiliberali mno. Mmarekani akisoma sentensi hiyo bila maelezo ataelewa kwamba Wafaransa waliona waraka umeelemea kushoto.

Ujerumani iko karibu na Ufaransa kwa maana, ila bila chuki hiyo. Chama chao cha kiliberali, FDP cha 1948, kinasimamia kodi ndogo, deni dogo la serikali na uhuru wa raia. Novemba 2024 kansela Olaf Scholz alimfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner wa FDP, kwa ugomvi wa deni na matumizi, na serikali ya muungano ikavunjika. Februari 2025 FDP kikakosa asilimia 5 inayohitajika na kutoka bungeni. Uholanzi, kwa upande wake, ina vyama viwili vya kiliberali vinavyoshindana, VVD cha 1948 kilicho kulia na D66 cha 1966 kilicho kati na kushoto kidogo. Tunawashauri wanafunzi waanze na Uholanzi, kwa sababu mikondo yote miwili imo ndani ya bunge moja.

Canada na Australia: mfano ulio safi kuliko yote

Nchi mbili, zote zilizorithi bunge kutoka Uingereza, zote zenye Chama cha Liberali. Chukua sera moja, kodi ya hewa ukaa. Australia, serikali ya Labour iliianzisha Julai 2012. Tony Abbott wa Liberali akaifuta Julai 2014. Canada, Justin Trudeau wa Liberali aliianzisha Aprili 2019 katika majimbo yasiyokuwa na mpango wake, na wapinzani wake wakubwa walikuwa Conservative. (Mark Carney, pia wa Liberali, aliishusha kwa watumiaji wa kawaida hadi sifuri Aprili 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi. Vyama havisimami mahali pamoja hata ndani ya nchi moja.)

Sababu ya tofauti ni swali la kwanza, la adui. Robert Menzies aliunda Liberali ya Australia mwaka 1944 ili kuwakusanya wote wasiotaka chama cha wafanyakazi, Labour. Akachagua jina la Liberal kuonyesha kwamba anamtetea mtu binafsi dhidi ya mipango mikubwa ya serikali. Canada, Liberali walikuwapo tayari, mpinzani wao wa kihistoria akiwa Conservative, kwa hiyo walikaa katikati na kuchukua polepole hoja za ustawi wa jamii zilizoletwa na walio kushoto zaidi.

Japani na Urusi tuzipite haraka. Japani, Liberal Democratic kilizaliwa 1955 kwa kuunganisha vyama viwili vya kihafidhina, na ndicho chama cha kihafidhina kilichotawala karibu miaka yote tangu hapo. Urusi, Liberal Democratic cha Vladimir Zhirinovsky, aliyefariki 2022, kilikuwa cha uzalendo mkali na cha kutukuza dola. Katika nchi hizi mbili jina ni jina tu. Usilitafsiri kama itikadi.

| Nchi | Liberali hapo ni nani | Fedha za serikali | Andika hivi kwa Kiswahili |
|---|---|---|---|
| Marekani | Mrengo wa kushoto wa kati, hasa Democratic | Zaidi | wanaoegemea kushoto |
| Canada | Chama cha kati | Zaidi kiasi | Chama cha Liberali, cha mrengo wa kati |
| Australia | Chama kikuu cha kulia | Kidogo | Chama cha Liberali, cha mrengo wa kulia |
| Ujerumani | Chama kidogo cha wenye biashara na uhuru wa raia | Kidogo | FDP, watetezi wa soko huria na haki za raia |
| Ufaransa | Mtu wa soko. Mara nyingi ni lawama | Kidogo | mtetezi wa soko huria |
| Japani | Chama cha kihafidhina | Hubadilika | jina la chama tu, kisha "wahafidhina" |
| Afrika Kusini | Mtetezi wa haki za mtu bila kujali rangi. Kwa wapinzani, mzungu anayeogopa mageuzi | Kidogo | taja chama, kisha taja msimamo |

Afrika: jina lililogawiwa, jina lililopigwa marufuku

Senegal ina kisa kisichofanana na kingine. Abdoulaye Wade aliunda chama cha PDS mwaka 1974. Mwaka 1976 rais Senghor alibadili katiba na kuruhusu vyama vitatu tu, kila kimoja kikipangiwa itikadi: kimoja cha ujamaa wa kidemokrasia, kimoja cha uliberali, kimoja cha Umarx. Ujamaa Senghor alijichukulia mwenyewe. Nafasi ya uliberali ikaangukia PDS, kikaivaa, na kwa jina hilo Wade akashinda urais mwaka 2000. Anayesoma historia ya PDS akitafuta mizizi yake kwa Gladstone atachoka bure. Mzizi wake ni kifungu cha sheria.

Afrika Kusini neno lilikuwa na gharama. Chama cha Liberali cha 1953 kilipokea watu wa rangi zote, ingawa kilianza kwa kudai kura yenye masharti ya elimu na mali. Mwaka 1968 sheria ilipiga marufuku vyama vya mchanganyiko wa rangi, na chama kikajivunja kuliko kuwafukuza wanachama wake weusi. Bungeni, Helen Suzman wa Progressive alikaa peke yake kwa miaka 13, 1961 hadi 1974, akipinga ubaguzi. Hata hivyo mwanaharakati mweusi Steve Biko aliwashambulia waliberali weupe kwa kujifanya wasemaji wa Waafrika, na lawama hiyo inaishi mpaka leo. Chama cha DA (Democratic Alliance) cha leo kikiitwa cha kiliberali na mfuasi wake, ni sifa. Kikiitwa hivyo na mpinzani, ni shutuma. Mfasiri asiyeonyesha nani anasema ameacha nusu ya habari.

Kenya, chama cha Liberal Democratic (LDP) cha mwaka 2002 kilikuwa daraja: Raila Odinga na wenzake waliokuwa wakitoka chama tawala cha KANU walikipitia kuelekea muungano wa NARC na ushindi wa Desemba mwaka huo. Haikuwa itikadi iliyowaunganisha.

Uganda: mlango wa duka ulifunguliwa kwanza

Uganda haijawahi kuwa na chama kikubwa kinachojiita cha kiliberali. Vyama vyake vikongwe vilijipanga kwa dini na ufalme kuliko kwa itikadi. DP cha 1954 watani walikiita Dini ya Papa kwa sababu ya Wakatoliki wake, na UPC cha 1960 kikaonekana cha Waprotestanti. Hata *conservative* lilipata maana ya hapa. Conservative Party ya Joshua Mayanja-Nkangi, mmoja wa washiriki wanne wa uchaguzi wa 1980, ilikuwa ya watu wa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda. Walichotaka kuhifadhi ni ufalme na *federo*, yaani utawala wa shirikisho. Kodi ndogo haikuwa habari yao.

Kilichoingia Uganda kwa nguvu ni upande wa biashara. Tarehe 1 Mei 1970, Nakivubo, rais Obote alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Baada ya hapo zikaja enzi za magendo, na dola ikauzwa *kibanda*, soko la magendo la fedha. Serikali ya NRM ya Museveni ilianza mpango wa kufufua uchumi pamoja na IMF na Benki ya Dunia mwaka 1987. Mwaka 1990 maduka ya kubadilishia fedha yakahalalishwa, na kibanda kikakosa kazi. Bodi ya kahawa ikapoteza ukiritimba wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, bodi ya pamba mwaka 1994. Redio za binafsi zikaanza kurusha matangazo 1993. Uganda Commercial Bank (UCB) ikauzwa kwa Stanbic 2002, usambazaji wa umeme ukakodishwa kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme 2005.

Wakati huohuo, kibali cha vyama kilikuwa kimefungwa. Ibara ya 269 ya katiba ya 1995 ilivizuia vyama kufungua matawi, kufanya mikutano ya hadhara na kusimamisha wagombea. Katika *mchakamchaka*, mafunzo ya siasa ya serikali, watu walifundishwa kwamba nchi ya wakulima isiyo na matabaka ya viwanda ingegawanyika kwa kabila na dini ikiwa na vyama. Mfumo wa vyama ulirudi kwa kura ya maoni ya 28 Julai 2005. Katika mwaka huohuo ukomo wa mihula ya urais ukaondolewa. Kwa hiyo kwa karibu miaka 19, 1986 hadi 2005, Mganda aliyesikia kwamba nchi inakuwa ya kiliberali alisikia habari za kahawa, dola na redio. Maana ya pili, ya mipaka ya dola, ilibidi idaiwe mahakamani.

Na ilidaiwa. Katiba hiyohiyo ya 1995, ibara ya 20, inasema haki za msingi mtu huzaliwa nazo na hazikutolewa na dola. Huo ni uliberali wa swali la tatu, umeandikwa bila kutaja jina lake. Kwa msingi huo wanahabari Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda walishinda Mahakama ya Juu mwaka 2004, na kosa la "kuchapisha habari za uongo" likafutwa. Kosa la uchochezi lilifutwa na Mahakama ya Katiba 2010. Kifungu cha mawasiliano ya kuudhi katika sheria ya kompyuta kilianguka Januari 2023. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikasema mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuyarudisha mamlaka hayo kwa masharti. Ukitaka kujua uliberali wa kisiasa wa Uganda uko wapi, usiutafute katika ilani za vyama. Uko katika majalada ya kesi.

Simu ya mkononi inaonyesha nusu hizo mbili vizuri. Celtel iliingia 1995, MTN 1998, ushindani ukashusha gharama, na soko likawa huria kweli. Lakini Julai 2018 ikawekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Januari 2021 intaneti ikazimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Soko huria, kauli yenye kufuli. Mtu akiuliza kama Uganda ni nchi ya kiliberali, jibu sahihi lazima litenganishe hayo mawili.

Tahadhari pia usichukue kila hatua ya serikali kurudi katika uchumi kuwa kufa kwa uliberali wa kisiasa. Mwaka 2024 sheria ilirudisha kazi za mamlaka ya kahawa, UCDA, ndani ya wizara ya kilimo, na Aprili 2025 umeme ulirudi kwa kampuni ya serikali baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kwisha. Hayo hupimwa kwa swali la pili. Uhuru wa mahakama hupimwa kwa la tatu.

Kwa mdahalo, mfano bora kuliko yote ni ardhi. Mwenye hati ya mailo (umiliki kamili wa ardhi) na mwenye *kibanja* (mkaaji asiye na hati) wanagombea shamba moja. Katiba inalinda mali ya mwenye hati. Sheria ya ardhi ya 1998 inamlinda pia mkaaji aliyekuwa pale miaka 12 au zaidi kabla ya katiba ya 1995, mradi alipe *busuulu*, kodi ya kila mwaka kwa mwenye ardhi. Liberali wa mkondo wa Ujerumani atauliza kwanza hati iko kwa nani na mkataba unasemaje. Liberali wa mkondo wa Marekani atauliza nani dhaifu na sheria imkinge vipi. Wote wawili watakubaliana juu ya jambo moja: asifukuzwe mtu kwa amri ya afisa bila hukumu ya mahakama. Mwanafunzi akiweza kueleza wapi wanatofautiana na wapi wanakutana katika kesi hiyo moja, anaielewa mada.

Kuchagua neno: kazi yenyewe

Jina la chama libaki jina, kwa herufi kubwa, na mara ya kwanza lipewe mkia: "Chama cha Liberali cha Australia, kinachofuata mrengo wa kulia." Mkia huo ni maneno manne au matano, nao huzuia kosa lile la Aprili na Mei 2025.

Habari ikitoka Marekani, acha liberali kabisa ikiwezekana. "Majaji waliberali" wa Mahakama ya Juu ya huko wawe "majaji watatu walioteuliwa na marais wa Democratic", jambo ambalo linaweza kuthibitishwa.

Kwa mfumo wa utawala, "demokrasia huria" imezoeleka, lakini msikilizaji wa sokoni ataisikia kama demokrasia ya biashara. Katika redio tunapendelea "demokrasia yenye kulinda haki na kuwekea madaraka mipaka", ijapokuwa ni ndefu. Kinyume chake kinaonekana kwa Viktor Orbán, aliyetangaza mwaka 2014 akiwa waziri mkuu wa Hungaria kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali. Mtu huyohuyo aliwahi kuwa makamu wa rais wa umoja wa kimataifa wa vyama vya kiliberali. Hapo "dola inayochaguliwa kwa kura lakini isiyokubali mipaka" hueleweka kuliko neno lolote la kukopa.

Kwa uchumi, sema tendo: "kuondoa ukiritimba wa bodi", "kuruhusu wauzaji binafsi", "kuuza shirika la umma". Ukisema tu "kuliberalisha", msikilizaji hatajua ni lipi kati ya hayo.

Mhubiri akimwita mtu liberali, muulize au andika ni jambo gani hasa: mavazi, ndoa, pombe, ibada. Usiuhamishe msimamo wa mimbarini kuwa msimamo wa chama. Mtu anaweza kutetea uhuru wa magazeti na awe mkali wa maadili nyumbani kwake, na Uganda wako wengi.

*Uliberali mamboleo* ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa karibu hakuna anayejiita hivyo; ni jina ambalo mtu hupewa na mpinzani wake. Likitokea katika hotuba, andika "anachokiita uliberali mamboleo", kisha taja sera anayoilaumu: kuuzwa kwa UCB, ada hospitalini, au kampuni ya nje kukabidhiwa umeme. Kama msemaji hakutaja sera yoyote, mwulize kabla ya kuchapisha.